Kichwa cha Mjane, Kichwa cha Shemeji

Katika ukoo wa marehemu mume wangu, nywele za mwanaume huota haraka kuliko za mwanamke. Hili halina ubishi. Halikutafitiwa na daktari wala halikutoka kwenye kitabu cha shule. Lilipitishwa na watu wazima waliokaa kwenye mkeka, wakiwa wameshiba ugali wa msiba. Aliyepinga nilikuwa mimi peke yangu, na siku hiyo sikuwa na unywele hata mmoja wa kutolea mfano.

Mume wangu alifariki mwezi wa tisa, wakati vumbi la Mpanda limekaa juu ya kila kitu, hata juu ya maji ya kunywa. Asubuhi alilalamika kifua, jioni tulikuwa tunatafuta gari la kumrudisha nyumbani akiwa amefunikwa shuka. Nilimpenda yule mtu. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani kwamba dhihaka yangu inamhusu yeye. Alikuwa mtu mwema, mpole, mwenye kasoro moja tu kubwa, nayo ni ndugu zake.

Tulimzika Ilembo, kati ya nyumba na shamba letu la mahindi. Matanga yalipoanuliwa, watu wawili tukatakiwa kunyolewa: mimi mjane, na mdogo wake marehemu, ambaye kwa mila yao anasimama mahali pa kaka yake. Mwenye wembe alikuwa shangazi, dada wa baba mkwe wangu, mama mzee asiyecheka ovyo. Kila mtu alinyolewa kwa wembe wake mpya, maana hata mila siku hizi inasikiliza redio. Tulikaa kwenye vigoda viwili, mimi na shemeji, tumeinamisha vichwa kama mbuzi wanaongoja mnunuzi. Shemeji alinyolewa kichwa na ndevu. Mimi nilinyolewa nywele ambazo mume wangu alikuwa hataki hata zipunguzwe ncha. Zilianguka mapajani, nikazitazama, na hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Wakasema nalia vizuri.

Baada ya kunyolewa nikasomewa masharti. Nisijitazame kwenye kioo. Nisipake mafuta yanayonukia. Nisicheke kwa sauti. Kanga ya kichwani niifunge mpaka chini ya kidevu, nisiifungue mbele za watu. Na kubwa kuliko yote, nisishike jembe mpaka nywele zirudi, kwa sababu mtu mwenye kichwa kitupu akipanda mahindi, mahindi nayo yanatoa kichwa kitupu. Yanatoa magunzi. Nilitamani kuuliza kama walishawahi kuona jambo hilo kwa macho yao, lakini mjane haulizi maswali ya kilimo.

Niliuliza dogo zaidi. "Shangazi, zirudi kiasi gani?"

"Wewe ni mwanamke," akanijibu. "Mpaka zishikike kwa vidole, zisukike."

"Na shemeji?"

"Huyo ni mwanaume. Nikipitisha kiganja zikikwaruza, zimerudi."

Nikasema kwa sauti ya chini kwamba hapo pana vipimo viwili. Wakanihurumia, wakaanza kunielimisha. Shemeji mwenyewe alieleza kwamba mwanaume ana damu ya moto, nayo inasukuma nywele kwenda juu. Baba mdogo, yaani mdogo wa baba mkwe, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, akaongeza kwamba mwanaume anatembea sana juani, na jua linaotesha. Mwingine akasema nguvu za mwanamke zimegawanyika, nusu inakwenda kwenye maziwa, nusu kwenye maneno, hivyo kichwani hakifiki kitu. Watu walitikisa kichwa kukubali. Nilikaa pale nikifikiria kwamba kwa hesabu hiyo, mimi ambaye nilinyonyesha watoto wawili na sijawahi kusifiwa kwa ukimya, nilipaswa kuwa nimezaliwa na kipara.

Sasa, mtu wa mjini anaweza kusema, si jembe tu, mwache mama apumzike. Ngoja nimweleze mtu huyo wa mjini. Shamba letu halina hati. Lina mashahidi. Shamba la nani? La yule aliyeonekana akipanda msimu uliopita. Shemeji akipanda mwaka huu, watu watasema mahindi ya shemeji. Mwaka ujao watasema shamba la shemeji. Mwaka unaofuata watauliza yule mama pale nyumbani ni nani. Nimewaona wajane wa aina hiyo, wamebakiwa na nyumba na kipande cha uwanja kinachotosha kuanikia kanga. Na mimi nilizaliwa Katumba, wazazi wangu walikuja kutoka Burundi, na wote wawili walishatangulia. Sina kaka wa kuja kukaa kwenye mkeka upande wangu. Nina watoto wawili shuleni, na shamba lile ndilo lililokuwa linawalisha.

Mwezi wa kumi haujafika katikati, shemeji akapimwa. Shangazi alipitisha kiganja nyuma ya kichwa chake, pale juu ya shingo, akasema zinakwaruza. Habari hiyo iliwekwa kwenye grupu la ukoo kwenye simu, ikapokewa kwa mikono ya kuomba, mioyo na amina nyingi, kama vile kijana amefaulu kidato cha sita. Kuanzia siku hiyo akawa mtu huru. Alivaa kapelo, ile kofia yake ya siku zote, akarudi Kibaoni kwenye mashamba yake ya mpunga, maana yeye ana mashamba, tena makubwa, halafu akarudi Ilembo kuja kunisaidia.

Msaada wake ulianza kwa kuzunguka shamba akipima kwa hatua. Kisha akaleta mbegu. Kisha akaenda kwa jirani yetu Msukuma, mwenye maksai, akapanga naye siku ya kulima. Nilimwona jirani akipita na ng'ombe wake nikamwuliza kwa mbali kama ni kweli. Akasimama, akavua kofia kwa heshima.

"Mama, mimi ninalima ninapoelekezwa," akasema. "Nyie wenyewe mkielewana, nitalima hata usiku."

Mimi kila Jumapili alasiri nilikuwa nakaguliwa. Shangazi alikuja, nikampa kigoda, nikamsalimia shikamoo, nikainamisha kichwa. Vidole vyake vilijaribu kushika, vikateleza. "Bado," akasema, akanywa chai, akaondoka. Jumapili nyingine, bado. Nilikuwa nalala mkono kichwani, nikizisikia zinavyosimama, fupi, kaidi, zinakwaruza kiganja kiasi cha kutosha kumhalalisha mwanaume yeyote wa ukoo ule. Lakini zilikuwa nywele za kike, na nywele za kike zinapokwaruza hazijaota bado, zinafanya mazoezi.

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi, mvua nzuri, ya kulowanisha mpaka chini. Jumamosi majirani wote walikuwa shambani. Mimi nilikaa barazani na kanga yangu kidevuni, nikanusa udongo, nikakasirika. Hasira yenyewe ilinishangaza, maana tangu mume wangu afariki nilikuwa sijasikia chochote zaidi ya uchovu. Nikamtuma mwanangu wa kike kwa baba mdogo, kwamba naomba kikao. Akajibu kwamba hata yeye alikuwa ameshapanga kikao, kesho yake baada ya kanisa, kumkabidhi shemeji msimu.

Wakaja. Wanaume walikaa kwenye viti, shangazi na mimi kwenye mkeka. Baba mdogo alifungua kwa sala ndefu, akamwombea marehemu, akawaombea watoto, akaiombea mvua. Shamba hakulitaja kwa Mungu, alilihifadhi kwa ajili yetu.

"Mkwe," akasema alipomaliza, "hatukunyang'anyi kitu. Tunakusaidia. Mvua haisubiri nywele."

"Kweli, baba. Na mimi nasema isisubiri. Tupimwe wote wawili leo, mimi na shemeji, kwa kipimo kimoja. Nywele zilizorudi ndizo zipande."

"Kipimo kipi?"

"Chagueni nyie. Kama ni kukwaruza, tukwaruze wote. Kama ni kushikika, tushikwe wote."

Shemeji akacheka kidogo. "Mimi nilishapita, shemeji. Mtu hafanyi mtihani mara mbili."

"Basi huna wasiwasi," nikamwambia. "Vua kofia."

Hapa lazima niseme jambo ambalo ukoo mzima ulilijua na ukoo mzima haukulisema. Shemeji ana kipara. Hakukipata msibani, anacho tangu ujana, na ndiyo maana ile kapelo hulala naye na kuamka naye. Siku tuliyonyolewa wote wawili hakikuonekana, kwa sababu tulilingana. Aliivua taratibu, akitazama pembeni. Katikati palikuwa peupe, panang'aa, na nywele zimezunguka pembeni kama nyasi zinavyozunguka uwanja wa mpira.

"Samahani," nikasema kwa upole mkubwa, "kichwa hiki ndicho kitakachopanda, ili yasitoke magunzi?"

Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akainuka kwenda kumtazama mbuzi ambaye hakuwa na shida yoyote. Baba mdogo akafanya kile ambacho wazee wa ukoo hufanya sheria inapomgeukia mtu wao, yaani akairefusha.

"Nywele za mwanaume hazikai kichwani tu," akatamka. "Ndevu nazo ni nywele. Alinyolewa ndevu, ndevu zimerudi. Ndevu zikirudi, mtu karudi."

Shemeji akazipapasa ndevu zake, nyingi kweli, akaonekana amepata nafuu. Wote wakakubaliana kwamba ndevu ni nywele, tena ni nywele hasa, kwamba za kichwani ni mapambo tu. Ilikuwa elimu mpya na ilienea haraka.

"Baba," nikasema, "mimi si mtu wa kuelewa upesi. Ndevu zikirudi, mtu karudi?"

"Ndiyo."

"Mtu yeyote aliyenyolewa?"

"Mtu yeyote aliyenyolewa," akasema, kwa ukarimu wa mtu anayetoa kitu kisichomgharimu.

Nilifungua fundo la kanga chini ya kidevu, nikaishusha mabegani, nikainua uso kuelekea kwenye mwanga.

Ninazo ndevu. Si nyingi. Baada ya mtoto wa pili ziliota chache kidevuni, nyeusi, ngumu, na tangu hapo nimeishi nazo kama mtu anavyoishi na deni. Nilikuwa nikizing'oa kwa kibanio nyuma ya mlango wa chumbani, na hakuna aliyejua, si mama yangu alipokuwa hai, si msusi wangu wa mjini, si wanangu. Aliyejua ni mume wangu, kwa sababu zile za chini ya taya sikuweza kuziona mwenyewe. Alikuwa akinishika kidevu dirishani, anasema "tulia, bibi," anang'oa moja moja, halafu anaendelea kula. Hakuwahi kunitania kwa hilo, na kunitania ilikuwa kazi yake ya kila siku. Alipokufa, masharti ya msiba wake yakaninyima kioo na kila kitu cha kujirembea, yakanifunika kanga kidevuni, na chini ya kanga hiyo ndevu zangu zikastawi bila bughudha. Ukoo wenyewe ndio ulioziotesha.

Niliwaona wanaume wazima wakitazama miguu yao. Nilitamani ardhi ipasuke, nisiwe mimi, nisiwe pale. Aibu ile bado naisikia ninapoandika, na sitasema kwamba nilikuwa jasiri. Nilikuwa mtu asiye na kingine cha kuonyesha.

"Haya ni mambo ya wanawake," baba mdogo akasema hatimaye, macho yake yakiwa mlangoni. "Shangazi yenu amwingize ndani amkague. Atakachosema yeye, ndicho."

Shemeji akapumua. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba shangazi hajawahi kuniambia lolote zaidi ya "bado."

Tukaingia chumbani. Shangazi akafunga mlango, akanisogeza dirishani, akanishika kidevu. Vidole vyake vilikwenda moja kwa moja mahali penyewe, mpaka chini ya taya, bila kutafuta.

"Siku ile nilipitisha wembe hapa pia," akasema. "Ulidhani mkono umeteleza?"

Sikuwa nimedhani chochote. Siku ile nilikuwa nalia.

"Zako zinaota upesi," akaendelea. "Zangu ninaziondoa kwa majivu. Unapaka majivu vidoleni, huhitaji hata kibanio. Wiki haiishi, zimerudi."

Nikamtazama. Kidevu chake kilikuwa laini, kimekunjamana, kisafi. "Kwa hiyo shangazi unajua kwamba nywele zetu haziko nyuma ya za kwao."

"Kila mwanamke anajua."

"Basi mbona uliniambia bado? Jumapili zote hizo?"

Alikaa kitandani. "Alipokufa mume wangu, kule Inyonga, nilinyolewa," akasema. "Nikaambiwa zisukike ndiyo nishike jembe. Nikatii. Zikasukika vizuri tu. Nikatoka nje na jembe langu, nikakuta mahindi yameshafika magotini."

"Nani aliyapanda?"

"Shemeji yangu. Alikuwa ananisaidia." Alilainisha shuka kwa kiganja. "Nikarudi hapa kwa kaka zangu. Tangu hapo nakula ninachopewa, nasema ninachotakiwa kusema."

Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumpiga. Yote mawili kwa kweli, na kwa nguvu sawa. Mwanamke aliyejua tangu siku ya kwanza, aliyefungwa kwa kamba hiyo hiyo, kila Jumapili alikuja nyumbani kwangu akaikaza, akanywa chai. Nikamwambia hivyo. Nilimwambia kwa maneno ambayo mkamwana hamwambii shangazi wa mumewe, na nikamwambia kwamba akitoka nje na kusema bado, asinisalimie tena mpaka siku ya kunizika. Hakunikemea. Alinifunga kanga upya, kichwani tu, akaacha kidevu wazi.

Alitoka, mimi nikamfuata. Hakukaa kwenye mkeka. Alisimama mbele ya viti.

"Zimeota," akasema.

Baba mdogo akajikuna. "Unamaanisha za kichwani, au hizo..."

"Ulisema ndevu zikirudi, mtu karudi. Zimerudi. Au unataka na mimi nikuonyeshe zangu?"

Hakutaka. Hakuna aliyetaka. Kikao kilifungwa bila sala, jambo ambalo sijaliona tena katika ukoo ule, na shemeji akavaa kapelo yake akaenda kutafuta bodaboda ya kumpeleka stendi. Shangazi alibaki. Jioni, baba mdogo akamwambia atafute mahali pengine pa kula, naye akaniambia habari hiyo akiwa amesimama jikoni kwangu, anachagua maharage ambayo sikumwomba achague. Yuko hapa mpaka leo. Bado nina hasira naye, na kila Jumamosi ananing'oa zile za chini ya taya, kwa majivu, bila huruma hata kidogo.

Asubuhi iliyofuata kikao, jirani alikuja na maksai, akalima nilipomwelekeza. Mimi nilipanda nyuma yake, mstari kwa mstari, na watu walipita barabarani wakapunguza mwendo. Nilikuwa nimelilima shamba lile miaka yote ya ndoa yangu, nikiwa na nywele za kusuka mpaka mgongoni, na hakuna aliyewahi kuuliza ni za nani wala zina urefu gani. Siku hiyo nilikuwa nalima kwa kibali cha ndevu. Nilianzia upande wa mpakani, ambako shemeji alikuwa ameshachomeka vijiti vyake, nikaving'oa kimoja kimoja, nikaenda navyo nyumbani kupikia.